Kodi ya Mtu Asiye na Mwajiri

Leo twataka kuzungumza habari ya kodi. Najua kwamba neno hili halipendezi masikioni, na yamkini yuko mtu ambaye amekwisha kunyosha mkono ili aifunge radio yake. Namwomba angoje kidogo. Sikuja kumhimiza mtu alipe zaidi ya yampasayo, bali kumwonyesha jinsi ya kulipa kile tu kinachompasa, kwa wakati wake, na kurudi nyumbani na stakabadhi mkononi.

Na tuwafikirie ndugu wawili wa Kerende, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Mkubwa ameajiriwa katika mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliopo jirani nao, ambao ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002. Kila mwisho wa mwezi mwajiri humkata kodi kabla ya kumpa mshahara, kisha huipeleka fedha hiyo mwenyewe Serikalini. Huyu hana haja ya kujua mlango wa ofisi ya kodi uko upande gani. Mdogo wake ana banda la kuchomelea vyuma kando ya barabara. Hutengeneza milango, madirisha na matela ya kukokotwa na ng'ombe. Yeye ndiye tajiri, na yeye ndiye kibarua. Hakuna amkataye, basi yampasa ajikate mwenyewe, tena ajue akate kiasi gani, ampelekee nani, na siku gani. Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa, wala si kwa ubishi. Aghalabu hujikwaa kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza.

Kodi si jambo geni katika nchi yetu. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida huko mashambani, na asiye na fedha aliweza kutoa mazao au kufanya kazi. Waingereza walipotawala waliweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Wazee wetu waliifunga tiketi ya kodi katika kitambaa wakaitunza kama hirizi, kwa maana mtu aliyekutwa hana tiketi aliweza kupata taabu njiani. Baadaye sana, mwaka 1983, ilikuja kodi ya maendeleo, nayo ikafutwa mwaka 2003. Kodi hizo zote zilikuwa za kichwa: mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku watatu walikaribia kusimama safu moja. Kodi ya mapato ninayoieleza leo si ya kichwa. Hufuata kazi ya mtu na kiasi anachouza.

Kwanza yafaa tutenganishe mikono miwili ipokeayo fedha, maana watu huichanganya na kugombana bure. Mkono mmoja ni Halmashauri ya Wilaya. Hiyo hutoa leseni ya biashara na kutoza ushuru wa soko, ile tiketi ndogo upewayo siku ya mnada. Mkono wa pili ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996, ambayo watu wote huiita TRA. Hiyo ndiyo ipokeayo kodi ya mapato. Kulipa ushuru wa soko hakumalizi deni la kodi ya mapato, wala kulipa kodi ya mapato hakumpi mtu leseni.

Kadhalika mwezi wa Desemba mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa watu ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Wengine walidhani kwamba kitambulisho kile ni msamaha wa milele hata biashara ikikua. Sivyo. Mauzo yakipita milioni 4, mtu ameingia katika safu ya walipa kodi ya mapato.

Sasa tumrudie yule mchomelea vyuma. Jambo lake la kwanza ni kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, ambayo kwa ufupi huitwa TIN. Namba hiyo hutolewa bure, nami narudia, bure. Atakachohitaji hasa ni namba yake ya kitambulisho cha Taifa. Akiisha kuipata huenda katika ofisi ya TRA iliyoko Tarime mjini, mwanzoni mwa mwaka, kabla ya tarehe 31 Machi, akakadiriwe. Maana ya kukadiriwa ni kwamba yeye na ofisa hukaa pamoja wakapima atauza kiasi gani tangu Januari hata Desemba. Kwa mtu mdogo asiyezidi mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, kodi hupimwa kwa mauzo, wala si kwa faida. Watu wa kazi za kitaalamu, kama mawakili na wahasibu, hawamo katika mpango huu. Wao hutengeneza hesabu kamili za faida. Wenye pikipiki na magari ya abiria nao wana jedwali lao.

Hapa sitaficha maoni yangu. Kupima kodi kwa mauzo ni njia nyepesi kwa ofisi na kwa mlipaji pia, lakini humwelemea mtu auzaye vitu vyenye faida nyembamba. Muuza sukari aweza kuuza mali nyingi na kubakiwa na senti chache, hali mshona nguo auzaye nusu ya hizo amebakiwa na zaidi. Sheria huwatazama kwa mauzo yao tu. Kwa sababu hiyo kitu kiitwacho daftari kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, nami nataka tukae hapo kitambo.

Katika viwango vilivyowekwa na Bunge mwaka 2019, mtu mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hakutozwa kitu. Mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hata milioni 7, kama hana daftari la hesabu, alitozwa shilingi 100,000. Lakini kama analo, alitozwa shilingi 3 katika kila mia ya kile kilichozidi milioni 4. Na tuhesabu pamoja. Wanafunzi mlio karibu na radio shikeni kalamu. Mchomelea vyuma wetu ameuza kazi za shilingi 6,000,000. Toa 4,000,000, zimebaki 2,000,000. Shilingi 3 katika kila mia ya milioni 2 ni shilingi 60,000. Jirani yake aliyeuza sawasawa naye, ila haandiki, amelipa 100,000. Tofauti yao ni shilingi 40,000, na sababu yake ni karatasi tu.

Tupande ngazi moja. Mwenye duka ameuza vitu vya shilingi 9,500,000. Katika safu ya zaidi ya milioni 7 hata milioni 11, asiye na daftari alitozwa 250,000. Mwenye daftari alitozwa 90,000, pamoja na 3 katika kila mia ya kilichozidi milioni 7. Kilichozidi ni 2,500,000, na sehemu yake ni 75,000, jumla 165,000. Ameokoa shilingi 85,000. Kwa mauzo makubwa kuliko hayo viwango ni vingine, na wenye mauzo hayo hutakiwa pia kuwa na mashine ya kutolea stakabadhi. Tena Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, nayo huanza kazi tarehe 1 Julai. Basi ufikapo ofisini usione haya kuomba uonyeshwe jedwali la mwaka ulio nao.

Na daftari lenyewe si elimu ya chuo. Nunua buku la kaunta, upige mistari: tarehe, kilichouzwa, fedha iliyoingia, kilichonunuliwa, fedha iliyotoka. Andika kila jioni kabla ya kula, maana ukingoja kesho utasahau, na ukingoja Jumamosi utabuni. Stakabadhi za vitu ulivyonunua zitoboe uzitunge katika waya. Wauzao hata Sirari wakapokea shilingi za Kenya waandike thamani yake kwa shilingi za Tanzania siku ile ile, wasichanganye fedha mbili katika mstari mmoja. Mzee asiyejua kusoma vizuri ana watoto shuleni. Na waandike wao. Nimeona binti wa darasa la sita akitunza hesabu za genge la mama yake kwa unadhifu uliowashinda wenye maduka ya vioo.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao ni wengi katika pande za Nyamongo, wana njia yao. Tangu mwaka 2019 kuna masoko ya madini yaliyowekwa na Serikali, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliamuru kodi ya mapato ya mchimbaji mdogo ikatwe papo hapo sokoni, shilingi 2 katika kila mia ya thamani ya madini, mbali na mrabaha. Mchimbaji aulizaye "Nimekatwa nini?" ana haki ya kujibiwa kwa maandishi, naye aitunze karatasi ile. Auzaye gizani kwa mtu wa njiani hukwepa makato hayo, walakini hana ushahidi wowote kwamba dhahabu ile ilikuwa yake.

Kodi ikiisha kukadiriwa hailipwi yote kwa mara moja, isipokuwa mtu apende. Imegawanywa mara nne: tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Shilingi 60,000 za mchomelea vyuma ni 15,000 kila mara. Mtu wa Kerende ajuaye mwendo wa mwaka atajipangia: mavuno yakiingia watu hutengeneza milango, na njaa ikibisha hodi banda hunyamaza. Basi katika miezi ya mavuno na aweke akiba ya miezi ya ukimya, katika kopo au katika simu.

Kulipa kwenyewe siku hizi hakuhitaji kubeba noti hata mjini. TRA humpa mlipaji namba ya malipo, yenye tarakimu kumi na mbili na kuanza kwa 99. Kila deni lina namba yake. Namba hiyo waweza kuipeleka benki, au kwa wakala wa benki aliye katika kibanda chake hapo sokoni, au ukalipa mwenyewe kwa simu ya mkononi, kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na nyinginezo. Chagua malipo ya Serikali, andika namba, na kabla ya kukubali soma kwa makini. Ukiona jina la mtu binafsi, acha mara moja. Malipo yakiisha utaletewa ujumbe. Usiufute. Uandike nambari yake katika daftari, maana simu huanguka mtoni, na daftari hukaa nyumbani.

Mama mmoja muuza vitenge alinisimulia habari yake mwenyewe, nami nimeficha jina lake na mahali pake. Mwezi wa Februari alijiwa na mtu nadhifu mwenye mkoba, akamwambia, "Mama, unadaiwa kodi shilingi 180,000, na kesho duka lako litafungwa. Lakini nakuonea huruma. Nipe 60,000, nitalimaliza jambo hili." Mama akaingiwa na hofu, akatoa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ada ya mwanawe. Akapewa kipande cha karatasi chenye maandishi ya kalamu. Mwezi wa Machi alipokwenda kukadiriwa akakitoa kipande kile kwa furaha, na ofisa akakigeuza huku na huku, akamuuliza, "Mama, hiki umekitoa wapi?" Yule mtu hakuwa mtumishi wa ofisi yoyote. Fedha ilikwenda, na kodi ikabaki pale pale, na mtoto alirudishwa nyumbani wiki mbili. Kama mama yule angalimwambia, "Nipe namba ya malipo, nitalipa kwa simu," mwenye mkoba angaliondoka upesi.

Je, mtu akishindwa? Ng'ombe hufa, mume huugua, barabara hukatika. Usijifiche, maana deni lililochelewa huzaa riba na adhabu. Kama biashara imedorora kuliko ulivyokadiriwa, rudi ofisini na daftari uombe makadirio yatazamwe upya. Kama deni limekwisha kukomaa, andika barua uombe kulilipa kidogo kidogo. Sheria yampa Kamishna uwezo wa kukubali. Na kama waona kwamba umekadiriwa isivyo haki, una siku 30 tangu kupewa hati ya makadirio kuleta pingamizi kwa maandishi, ukiwa umelipa sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi, ile iliyo kubwa zaidi. Siku hizo 30 hazingojei mtu, basi andika tarehe uliyopokea hati juu ya hati yenyewe.

Jambo la mwisho husahauliwa na vijana wahamao. Mtu hufunga banda lake Kerende akaenda Mwanza kutafuta maisha, wala hatoi habari. Katika vitabu vya kodi banda lile bado liko wazi, na makadirio yaendelea mwaka hata mwaka. Akirudi baada ya miaka mitatu akitaka kufungua duka jipya, akuta deni la duka asilokuwa nalo. Siku ya kufunga, na apeleke barua ofisini, abaki na nakala yake iliyogongwa muhuri, aitie ndani ya daftari pamoja na stakabadhi ya malipo ya mwisho.