Wimbo ni mbegu, lakini shamba ni la nani?

Ndugu zangu wa promosheni, tunapenda kubishana nani nyota mkubwa, nani ana watazamaji wengi YouTube. Swali moja tunalisahau: ile pesa inaingia mfuko wa nani? Tumchukue Diamond Platnumz, juu kila mtu hapa anamjua, tuone biashara ya jina inatembea namna gani.

Naseeb Abdul wa Tandale, Dar es Salaam, alianza kujulikana 2010 na wimbo "Kamwambie". Wimbo ni kama nyanya: ikiiva unauza haraka, msimu ukipita watu wanatafuta mpya. Sasa yeye alifanya nini?

Kwanza, alitafuta masoko ya wengine. Aliimba na Davido wa Nigeria. Kwetu Congo, 2019 alitoa "Inama" na Fally Ipupa, tena akaingia katika remix ya "Yo Pe" ya Innoss'B wa Goma. 2020 ikafuata "Waah!" na Koffi Olomide. Si urafiki tu. Kila mmoja anamuazima mwenzake mashabiki wake.

Pili, alijenga njia yake mwenyewe. Alianzisha lebo ya WCB Wasafi, kisha redio na televisheni. Msanii wa kawaida anaomba redio imupigie wimbo. Mwenye redio anauza matangazo hata wakati wimbo wa mwingine unapigwa.

Tatu, aliuza jina. 2017 alitoa marashi ya Chibu na karanga za pakiti, Diamond Karanga. Sisi wa agronomia tunajua karanga ni ileile. Kilichoongeza thamani ni jina juu ya pakiti. Na jina la mkulima haliko pale.

Halafu ikaja ile kuonyesha maisha yenyewe. Machi 2022 Netflix ilitoa "Young, Famous & African", iliyopigwa Johannesburg. Diamond alikuwamo, na Zari, mama wa watoto wake wawili. Pale hawauzi wimbo wala uigizaji. Wanauza mapenzi, nguo, ugomvi wa mezani. Nyota anapata kujulikana zaidi, lakini kipindi ni cha Netflix. Hata tajiri, pale alikuwa analima shamba la mwingine.

Tufike kwenye jambo lenyewe: kontra. Harmonize, msanii wa kwanza kusainiwa WCB, alitoka 2019 akaanzisha Konde Music Worldwide. Mwenyewe alisema hadharani kwamba kutoka kulimgharimu mamia ya mamilioni ya shilingi. Rayvanny naye akatoka 2022. Wengine wanasema lebo inanyonya. Lakini lebo nayo inalipa studio, video na safari wakati msanii hajulikani bado, na inataka kurudisha pesa yake. Kontra yenyewe si mbaya. Mbaya ni kusaini bila kusoma, sababu njaa inaharakisha mkono.

Filamu za Bongo tulizoziona hapa kwa DVD zinafundisha vilevile. Watayarishaji wengi walimuuzia msambazaji filamu na haki zake zote, mara moja tu. Filamu ikaendelea kuuzwa hadi kwetu. Aliyeitengeneza alikuwa amekwisha kula pesa yake.

Katika sisi kuko wanaoimba, wanaofanya komedi kwenye simu, wanaotafuta kazi kwa mashirika. Kabla ya kusaini, uliza mambo manne: asilimia yangu ni ngapi, na inahesabiwa kabla ya gharama ao nyuma yake? Kontra ni ya miaka mingapi? Nikitaka kutoka, nitalipa nini? Na kazi yangu pamoja na jina langu vitabaki vya nani?

Mtu akikataa kukujibu hata moja, usisaini siku ile. Beba karatasi, umuonyeshe mwenzetu aliyesoma sheria. Tuko nao wengi hapa, na wengi wao wangali wanatafuta kazi.

Wewe ungekubali lebo ikujenge kwa miaka kumi, ao ungeanza polepole na shamba lako dogo? Leteni hoja.