Mafuta Yanayogoma Kutiririka: Vinara wa Dunia

Milima inapoinuka, uzito wake hulididimiza ganda la dunia kando yake. Bonde linalotokea hujaa mashapo: upande wa milima kina kirefu, upande wa pili kina kifupi. Mafuta yakiiva chini huko, hupanda taratibu kupitia miamba ya mchanga hadi ukingo wa mbali. Hapo joto ni chini ya nyuzi 80 za Selsiasi, bakteria wanaishi, nao hula sehemu nyepesi. Masalia huwa mazito mno kuendelea na safari. Wafuatao ndio vinara wa mafuta hayo.

Limbiko kubwa la mafuta mazito: Orinoco, Venezuela. Ni ukanda wa kilomita za mraba zipatazo 55,000. Mwaka 2009 Marekani, kupitia shirika lake la jiolojia, USGS, ilikadiria kwamba mapipa bilioni 513 yanaweza kuchimbwa. Mafuta yalitoka kaskazini, upande wa milima, yakasafiri zaidi ya kilomita 100. Kwa kuwa ardhini kuna joto, bado hutiririka, ingawa kwa uvivu.

Lami nyingi zaidi: Alberta, Kanada. Athabasca, Cold Lake na Peace River zina eneo la kilomita za mraba 142,000 na zaidi ya mapipa trilioni 1.7. Hapa ardhi ni baridi, lami haisogei. Karibu na Fort McMurray mchanga mweusi huchotwa kwa malori yanayobeba zaidi ya tani 350 kwa mkupuo, kisha huchanganywa na maji ya moto mpaka lami ielee kama povu. Iliyo chini zaidi hulainishwa kwa mvuke.

Ziwa kubwa la lami: La Brea, Trinidad. Lina hekta 40 hivi, na watu hutembea juu yake. Mwaka 1595 baharia Mwingereza Walter Raleigh alikalafati meli zake kwa lami hiyo.

Mtego wa ajabu: Rubiales, Kolombia. Maji yanayotembea chini ya ardhi ndiyo yanayosaidia kuyazuia mafuta yasiponyoke. Ukivuta mafuta, maji huja kwa wingi: zaidi ya asilimia 90 ya kinachotoka kisimani.

Ila kuwa na akiba si kuwa na mafuta sokoni. Alberta inahesabu takriban sehemu moja tu kwa kumi ya lami yake kuwa inachimbika kwa faida. Venezuela inaongoza dunia kwa akiba, zaidi ya mapipa bilioni 300, lakini kwa uzalishaji Saudi Arabia inaiacha mbali.