Chambo Kisicholiwa: Utangulizi wa Uvuvi wa Majira ya Baridi

Ikiwa umezoea uvuvi wa Bahari ya Hindi au wa Ziwa Victoria, ambako maji hayagandi kamwe, huenda jambo la kwanza litakalokushangaza katika elimu hii ni kwamba sehemu yake kubwa hufanyika watu wakiwa wameketi. Wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa katikati ya ziwa lililoganda, au wamezunguka meza nyumbani huku masanduku ya vyambo yamefunguliwa mbele yao. Ukiyasikiliza mazungumzo yao utadhani hayahusu samaki hata kidogo: goti linalouma, gari lililokataa kuwaka alfajiri, harusi ya binti wa jirani. Nakuomba usiyapuuze. Nitakueleza sababu, lakini kwanza tuanze na kile kinachoshikika mkononi.

Chambo unakijua. Ni mnyoo, dagaa au kipande cha ngisi kinachotiwa kwenye ndoana ili samaki avutike. Chambo bandia hufanya kazi hiyohiyo ila hakiliwi: hutengenezwa kwa mbao, chuma, manyoya au plastiki. Kuna tofauti moja kubwa kati ya viwili hivi, nayo ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Chambo halisi kina harufu na ladha, kwa hiyo hata ukikiacha kimetulia, chenyewe kinaendelea kuita. Chambo bandia kikitulia hubaki kipande cha chuma. Uhai wake hutoka mkononi mwa mvuvi, katika namna anavyokiinua, anavyokiachia na anavyokisubirisha. Ndiyo maana swali ambalo kila mgeni huliuliza, yaani chambo kipi ni bora kuliko vyote, huwafanya wazoefu wakae kimya kidogo kabla ya kujibu. Hawakufichi kitu. Wanachojiuliza wao ni samaki huyu, katika maji haya, kwa saa hii, anahisi nini.

Basi tuyatazame maji. Nitachukua mfano wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kwa sababu nalifahamu na kwa sababu jamaa zetu wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wamehamia huko. Jimbo hilo lina maziwa zaidi ya 10,000, na kuanzia Desemba mengi huwa yameganda. Maji huwa mazito kupita wakati wote yanapofikia nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi, hupanda juu na kugeuka barafu. Kwa hiyo ziwa huganda kuanzia juu, na chini hubaki maji ya nyuzi 4 ambamo maisha yanaendelea. Samaki wengi ni wanyama wa damu baridi, maana yake joto la mwili hufuata joto la maji. (Jodari ni miongoni mwa wachache wasio hivyo, mwili wake huhifadhi joto, na ni habari tamu ya siku nyingine.) Damu ikipoa, chakula husagika polepole, nguvu huhitajika kidogo, na samaki hana sababu ya kukimbiza mlo wa mbali. Hapo ndipo zinapotoka kanuni mbili za majira ya baridi ambazo utazisikia zikirudiwa kila mahali: chambo kiwe kidogo, na kiende polepole.

Sasa hisi za samaki. Hapa wageni wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tusikimbilie mbele. Kwanza macho. Samaki anayetafutwa kuliko wote Minnesota anaitwa walleye, na nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama lile linalofanya macho ya paka yang'ae usiku. Kwenye mwanga hafifu yeye huona vizuri kuliko samaki wadogo anaowawinda, kwa hiyo hula zaidi jua linapozama na linapochomoza. Theluji ikilala juu ya barafu, giza huongezeka. Rangi nazo hupotea kwa mpangilio. Katika maji maangavu mwanga mwekundu ndio hunyonywa kwanza, kiasi kwamba chambo chekundu kikishuka mita kadhaa huonekana cheusi. Lakini maziwa mengi ya kaskazini yana maji ya rangi ya chai, kwa sababu ya majani na mizizi iliyooza, na humo ni buluu inayotangulia kufa, huku rangi ya chungwa na nyekundu zikienda mbali zaidi. Kwa hiyo ukimsikia mvuvi mmoja akiisifu rangi nyekundu na mwingine akiikataa, kabla ya kuamua nani anakosea, uliza kila mmoja anavua ziwa gani.

Hisi ya pili haina mfano katika mwili wa binadamu. Ubavuni mwa samaki, kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, hupita mstari wa vitundu vidogo vilivyounganishwa na neva. Huitwa mstari wa ubavuni, na kazi yake ni kupokea mtikisiko wa maji ulio karibu. Kwa mstari huo samaki anaweza kujua kwamba kuna kiumbe kinachoyumba jirani yake hata kama hakioni. Hii ndiyo inayofanya umbo la chambo liwe na maana kuliko rangi yake, ingawa dukani rangi ndiyo huuza. Huo ni mtazamo wangu, na wavuvi wazuri wapo watakaoupinga.

Chambo rahisi kuliko vyote ni kijiko: bamba la chuma lililokunjwa kidogo, tundu la kufungia mshipi juu, ndoana ya makali matatu chini. Husimuliwa kwamba Mmarekani aitwaye Julio Buel alidondosha kijiko cha kulia chakula ziwani akiwa ndani ya mtumbwi, akaona samaki akikivamia kilipokuwa kinazama. Kama kisa kilitokea hivyo hasa au kimepambwa na wasimulizi, hataza ya Serikali kwa ajili ya kijiko chake ilitolewa mwaka 1852. Mkunjo ndio siri yake. Maji hukisukuma upande mmoja, kisha wa pili, nacho huyumba na kumetameta kinaposhuka. Chini ya barafu mvuvi hukiinua kwa kifundo cha mkono, kiasi cha futi moja, kisha hukiachia kizame kwa uzito wake. Tendo hili la kuinua na kuachia tuliite kuchezesha chambo. Jambo ambalo wageni hawaliamini mpaka walione ni kwamba samaki mara nyingi hakipigi chambo kinapocheza. Hukijia kinapocheza, na hukipiga kinapotulia.

Aina ya pili ni samaki wa bandia, na hapa historia yake inafundisha zaidi ya maelezo yangu. Katika eneo la Ziwa Päijänne nchini Finland kulikuwa na mvuvi aitwaye Lauri Rapala, maskini aliyeishi kwa kuuza samaki. Akiwa anapiga makasia aliona jambo ambalo wengi waliliona bila kulifikiria: samaki mkubwa akiingia katikati ya kundi la wadogo, hukamata yule anayeogelea kombo, aliyejeruhiwa. Mwaka 1936 alichukua kisu cha fundi viatu na kipande cha gome la koki, akachonga samaki mwembamba mwenye kombo hilohilo. Akamvika karatasi ya kung'aa inayofungiwa chokoleti, kisha, kwa kuwa rangi ya kuzuia maji hakuwa nayo, akayeyusha filamu za picha na kumpaka. Mbele ya mdomo alimwekea kibamba kidogo, tuseme ulimi. Ulimi huo ndio unaomfanya ayumbe anapovutwa, na pembe yake ndiyo inayoamua azame kiasi gani.

Vyambo hivyo vilivuka bahari hadi Minnesota, ambako mwaka 1959 mfanyabiashara Ron Weber alivigundua na, pamoja na mwenzake Ray Ostrom, akaanza kuviagiza kutoka Finland. Mnamo Agosti 1962 gazeti la Life lilichapisha makala kuvihusu katika toleo lenye picha ya mwigizaji Marilyn Monroe jaladani, aliyekuwa amefariki mwanzoni mwa mwezi huo. Toleo lile lilisomwa mno, na maagizo yakaizidi mbali familia ya Rapala iliyokuwa ikichonga. Leo samaki wa bandia wa mtindo huo, mkubwa na mwenye ndoana nene, hutumiwa hata Murchison Falls nchini Uganda na wavuvi wa michezo wanaomsaka sangara.

Kwa matumizi ya barafuni samaki huyu wa bandia alibadilishwa umbo. Mchukue mmoja kiganjani umtazame. Ni kipande cha madini kizito kwa kimo chake, urefu wa kidole gumba hivi. Ndoana moja imechomoza puani, nyingine mkiani, zote zimepinda kuelekea juu, na ya tatu inaning'inia tumboni. Tundu la mshipi liko katikati ya mgongo, kwa hiyo akining'inia hulala sawasawa kama samaki aliyetulia majini. Mkiani ana pezi la plastiki. Ukimvuta juu kwa ghafla, pezi humpeleka pembeni. Ukilegeza mshipi hutelezea mbali, kisha hurudi na kusimama chini ya shimo. Mwendo wote huo hutoka katika tundu la barafu ambalo upana wake ni shubiri moja tu.

Sasa nirudi kwenye mazungumzo niliyokuomba usiyapuuze. Fikiria Ziwa Mille Lacs, hukohuko Minnesota, mwezi Januari. Juu ya barafu vimesimama vibanda vya mbao na mahema, ambavyo katika majira mazuri hufika maelfu. Ndani ya kila kibanda kuna jiko dogo la gesi, mashimo mawili au matatu sakafuni, na watu waliofika saa nane mchana kusubiri samaki ambaye pengine hatakula mpaka saa kumi na moja jioni. Saa hizo za katikati hujazwa na maneno. Humo, katika maneno ambayo hayana mada, ndimo elimu inamohama kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa sababu mvuvi hataji shimo lake kwa mtu anayemuuliza moja kwa moja, na mara nyingine hajui mwenyewe kwa nini alifanikiwa.

Chukua mfano. Mtu analalamikia gari lake: betri ilikufa, akachelewa, akafika ziwani jua limeshagusa miti, na bado akapata walleye watatu ndani ya nusu saa. Yeye anasimulia habari ya betri. Wewe umeambiwa saa ambayo samaki walianza kula. Mwingine anasimulia jinsi vidole vilivyokufa ganzi hata akashindwa kuchezesha chambo, akauegemeza ufito wake wa kuvulia kwenye ndoo ili apashe mikono motoni, na papo hapo ufito ukapinda. Kwake hiyo ni habari ya baridi. Ukiiweka pembeni ya yale niliyosema juu ya kijiko, utaona imekufundisha thamani ya kutuliza chambo. Nayo habari ya yule aliyezunguka mbali kwa sababu hakuipenda sauti ya barafu karibu na rasi huenda ikakuokoa maisha. Idara ya Maliasili ya Minnesota hushauri barafu mpya, angavu na ngumu iwe na unene wa angalau inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtu anayetembea kwa miguu, na husisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Unene haulingani ziwa zima. Pima mwenyewe kila unaposonga mbele, na mwulize aliyetangulia.

Mezani nyumbani mambo ni hayohayo, ila mikono ina kazi zaidi. Vyambo hukaushwa, maana kimoja chenye kutu huchafua sanduku zima. Ndoana hujaribiwa kwa ukucha: iburuze ncha yake taratibu juu ya ukucha wa gumba, ikishika, ni kali, ikiteleza, inoe au ibadilishe. Wazee ambao miguu yao haiwezi tena kwenda barafuni hushiriki hapa kikamilifu, na kwa maoni yangu hakuna mwalimu anayewapita. Keti karibu nao, shika kazi fulani, na uache maneno yaende yanakotaka.

Ukiwa tayari kuanza, mahitaji si mengi. Pata leseni ya uvuvi, ufito mfupi usiofika mita moja, mshipi mwembamba, vijiko viwili na samaki wa bandia mmoja wa aina niliyoieleza. Ongeza vyambo vichache vidogo vya tangsteni, madini mazito kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kwa uzito huo chambo kidogo kama punje ya mahindi huzama upesi hadi kwa samaki asiyetaka mlo mkubwa. Risasi ni ya bei nafuu, lakini ndege wa majini wanaoimeza hufa kwa sumu yake, na mimi ningekuomba uanze bila hiyo. Keekee ya kutobolea barafu unaweza kuikodi au kuiazima kwa jirani wa shimo.

Kabla ya kuteremsha chambo hadi chini, kishikilie kwanza nusu mita ndani ya shimo, mahali unapoweza kukiona. Kiinue, kiachie, kitulize. Jaribu kwa nguvu, kisha kwa ulegevu, utazame kinavyobadilika. Ukishaujua mwendo wake kwa macho, kiteremshe mpaka kiguse tope, kipandishe shubiri mbili, halafu umuulize aliyeketi kando yako goti lake linaendeleaje.