Kwa Nini Tarakilishi Hukosa Anwani

Leo twende kwenye kona ya chumba cha tarakilishi, penye kile kisanduku chenye vitaa vya kijani vinavyowakawaka mchana kutwa. Hicho huitwa swichi, na kazi yake ni kuunganisha mashine kwa kebo.

Chukua shule yenye swichi moja ya matundu 24. Tarakilishi za ofisi, zenye alama zetu na mitihani ambayo hatujaifanya, zimechomekwa humo humo pamoja na zile za wanafunzi. Mjanja mmoja anaweza kuichungulia ofisi akiwa ameketi zake maabarani! Swichi ya pili nayo ni pesa. Basi fundi huigawa ile moja kwa VLAN, yaani mitandao miwili iliyo mbalimbali ndani ya kifaa kimoja. Matundu 8 ya kwanza huyapa namba 10, ya ofisi, na yaliyobaki namba 20, ya wanafunzi. Ni kama ukuta umejengwa katikati.

Hapo ndipo kioja huanza. Tarakilishi ikiwashwa huwa haina anwani, na bila anwani hakuna intaneti. Kuna utaratibu wa kugawa anwani uitwao DHCP, uliotolewa mwaka wa 1993, ili watu wasiziandike moja moja kwa mkono. Mashine hupiga ukelele: "Jamani, nani atanipa anwani?" Seva hujibu, "Mimi hapa, chukua 192.168.20.15." Mashine nayo, "Haya, naitaka hiyo." Seva humalizia, "Ni yako, lakini ya kukodi tu." Muda ukiisha bila kodi kuongezwa, hupewa mwingine.

Sasa, ukelele huo hauvuki ukuta. Kama seva iko VLAN ya 10, mashine za 20 zitapayuka hadi jioni. Ile ya Windows ikichoka kungoja hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, mbona ulaumu kebo? Angalia kwanza tundu lako limewekwa VLAN gani.

Dawa yake ni tarishi. Ruta, iliyo na mguu mmoja katika kila VLAN, huamriwa iusikilize ukelele na kuupeleka kwa seva moja kwa moja. Kwenye vifaa vya Cisco amri yenyewe ni ip helper-address, kisha anwani ya seva. Tarishi huyu ni mwerevu ajabu: ndani ya ombi huandika anwani ya mguu wake wa upande ule, tuseme 192.168.20.1, nayo seva hujua papo hapo itoe anwani ya fungu la 20 wala si la 10. Ndiyo maana kila VLAN huwa na fungu lake.

Lakini ruta hiyo hiyo inayopeleka maombi ya anwani yaweza pia kupitisha mambo mengine. Fundi asipoiandikia sheria ya kuwazuia wa 20 wasiingie 10, ule ukuta una mlango wazi, na mitihani iko upande wa pili.