Sura ya 6: Kilomita Tano na Sahani ya Chipsi Mayai

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kocha, mimi nakimbia kila wiki, mbona kitambi kiko palepale?" Nami kabla sijajibu huuliza la kwangu: baada ya mbio mnakula wapi? Hapo mtu hucheka, maana jibu analijua. Wanakwenda kwenye supu. Klabu za jogging za Dar es Salaam zina desturi ambayo haimo kwenye katiba ya klabu yoyote: jezi zikishalowa, safari inaishia bandani, na supu haiji peke yake. Inakuja na chapati mbili, halafu soda baridi "ya kurudisha nguvu".

Sina ugomvi na supu, wala na kula nje. Mtu anayefanya kazi mjini akitoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, atakula nje tu, na kumwambia abebe saladi kwenye kontena ni kumpotezea muda. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mbio zinalipia chochote kinachofuata. Sura hii nitaigawa sehemu tatu: mbio zinagharimu nini, chakula cha nje kina nini, na mizani inasema nini.

Tuanze na mbio. Kukimbia kilomita moja kunagharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anatumia kama kalori 400, na kati ya hizo 50 hivi angezitumia hata kama angebaki amekaa kwenye kochi anatazama mpira. Faida halisi ni 350. Kasi haibadilishi sana hesabu hiyo. Ukikimbia taratibu unachukua muda mrefu, ukikimbia kwa kasi unachukua muda mfupi, lakini gharama ya kila kilomita inabaki karibu ileile. Kwa hiyo wale wanaojitesa kwa kasi hadi kutapika ili "wachome mafuta" wanajitesa bure.

Sasa weka chapati ya bandani mezani. Moja, ikiwa kubwa na imekaangwa vizuri, hufika kalori 300. Mbili ni 600. Soda ya chupa ya mililita 350 ni kama 150. Hapo supu yenyewe sijaigusa, na tayari umekula zaidi ya mara mbili ya ulichokimbia.

"Basi nitaongeza kilomita," watu husema. Hapa ninawapeleka Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia Wahadzabe, watu wanaoishi kando ya ziwa hilo kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume wa Kihadzabe hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Waliopimwa walipewa maji ambayo atomi zake zilikuwa na alama, kisha mikojo yao ikapimwa kujua mwili umetumia nishati kiasi gani. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya siku nzima hayakutofautiana na ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoshinda wamekaa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukitumia sana huku, hubana matumizi kule. Wahadzabe si wembamba kwa sababu ya kilomita peke yake, na Jumapili moja ya jogging haitakufanyia wewe kile ambacho maisha yao yote ya porini hayawafanyii wao.

Mbio zina kazi kubwa: moyo, sukari, shinikizo la damu, usingizi, na kulinda uzito usirudi ukishapungua. Kazi ya kupunguza, kwa sehemu kubwa, inafanyika kwenye sahani.

Kwenye chakula cha nje nilitaka nipite haraka, nitaje vyakula kadhaa na kiasi chake, niondoke. Lakini haiwezekani kuzungumzia kula nje Tanzania bila kusimama kwenye banda la chipsi, na nikishasimama hapo sijui kuondoka.

Nenda saa mbili usiku uangalie. Viazi vimekaangwa tangu jioni, vimelala kwenye kabati la kioo chini ya taa. Ukiagiza, muuzaji anamimina mafuta kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, anatupia viganja kadhaa vya chipsi, anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anayakoroga na chumvi, anayamwaga juu. Kingo zikishashika anafunika kwa sahani, anapindua, anarudisha upande wa pili. Kachumbari, pilipili, tomato, njiti mbili. Zege, yaani chipsi mayai, iko tayari.

Watu wanadhani kosa la zege ni kiazi. Kiazi hakina kosa. Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80, na gramu 250 za kiazi cha kuchemsha hazizidi kalori 220. Kinachotokea kwenye karai ndicho cha kutazama. Kiazi kikitumbukia kwenye mafuta ya moto, maji yake yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Ule mchemko wa mapovu unaousikia ni maji yanayokimbia. Kwa muda wote mvuke unapotoka, mafuta hayapati njia ya kuingia ndani. Sehemu kubwa huingia baadaye, chipsi ikishaopolewa. Inapoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, presha ndani inashuka, na mafuta yaliyotanda juu ya ngozi yanavutwa kuingia. Kwa hiyo sekunde chache baada ya kuopoa ndizo zinazoamua. Muuzaji anayetikisa chujio na kuziacha zichuruzike zikiwa bado za moto anakuuzia kitu tofauti na anayezimwaga moja kwa moja kwenye rundo. Unene nao una maana: chipsi nyembamba zina eneo kubwa la nje kwa kilo ileile ya kiazi, kwa hiyo zinabeba mafuta zaidi.

Halafu njoo kwenye kikaango cha pili. Chipsi zilizokwisha kaangwa hazina maji mengi ya kusukuma mafuta nje, na yai lililokorogwa hunyonya kila kinachobaki. Yale mafuta yaliyomiminwa mwanzo yanaishia tumboni mwako. Piga hesabu: gramu 250 za chipsi ni kama kalori 750, mayai mawili 150, mafuta ya kikaango 100 au zaidi. Umefika 1,000. Kwa mtu wetu wa kilo 80 ni zaidi ya kilomita 12, kwa chakula anachokimaliza amesimama.

Hapo kuna anayejitetea kwamba banda lake linatumia alizeti. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya zeituni yaliyotoka ng'ambo kwa bei ya kuumiza. Na yale maandishi makubwa kwenye chupa, "haina kolesteroli", yanasifia jambo la kawaida kabisa, kwa kuwa kolesteroli ni mali ya wanyama.

Kama una hamu ya chipsi, kula chipsi. Omba kavu, zilizotoka karaini sasa hivi, na mishkaki miwili pembeni. Umekiruka kikaango cha pili na hukulala na njaa.

Mizani nitaimaliza kwa ufupi, ingawa ndipo upuuzi ulipojazana. Ukijipima kabla na baada ya mbio ukakuta umepungua kilo moja, hiyo ni lita moja ya jasho, na itarudi ukinywa maji. Kujizungushia nailoni tumboni au kuvaa mkanda wa mpira ni kuongeza jasho tu. Mafuta ya mwili hayatoki kwa njia hiyo. Mwaka 2014 watafiti Ruben Meerman na Andrew Brown walionyesha kwamba kilo 10 za mafuta zikitumika, kilo 8.4 hutoka mapafuni kama kaboni dioksidi na 1.6 hugeuka maji. Limau kwenye maji ya moto halina kazi yoyote hapo. "Chai za kusafisha tumbo" nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unachokiacha chooni ni maji na chakula cha jana. Vilevile, ukila pilau la harusini Jumamosi ukaamka umeongezeka kilo moja, usiende kukimbia kwa hasira. Chumvi inashika maji, na kila gramu ya wanga unaohifadhiwa misulini hukaa na gramu kama 3 za maji. Kilo moja ya mafuta ya kweli ni takriban kalori 7,700, na hakuna pilau la usiku mmoja lenye ziada hiyo.

Na kwa kuwa nimetaja wanga: mtindo wa sasa wa kukimbia huku umesusa ugali unanishinda kuuelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya wakimbiaji bora wa Kenya ulikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga, ugali ukiongoza, sukari ya chai ikifuata. Mafuta yalikuwa kidogo. Sahani ya mama ntilie, ugali, maharage, mchicha na samaki, iko karibu na chakula hicho kuliko chochote kinachouzwa kwa jina la lishe ya wanamichezo. Mwombe tu mchuzi auweke kwenye bakuli lake, uchote mwenyewe, maana mafuta huelea juu na upawa huanzia juu.

Kwenye kula nje imebaki nyama choma. Mbuzi wa kuchoma, mafuta yakidondokea kwenye mkaa, ni chakula kizuri kwa mkimbiaji, hasa mkigawana kilo watu watatu. Tatizo liko kwenye chupa. Bia ya nusu lita ina kalori kama 200, na nne ni 800, yaani kilomita 10 kabla hujagusa kipande cha nyama. Wanaonisikiliza huwa wanaagiza maji makubwa kwanza, bia baada ya nyama kufika mezani, na mahali pa chupa ya tatu wanaagiza ndizi za kuchoma. Jumapili alfajiri misuli itazitumia hizo ndizi.