Wapulizaji Mashuhuri (2): Marcel Tabuteau, Mwalimu wa Oboe

Juma lililopita tulieleza jinsi oboe inavyolia: mpulizaji hubana midomoni vipande viwili vyembamba vya tete, pumzi ikapita katikati yake, vikatetema. Wasomaji wa Lamu na Mombasa wanaoijua nzumari wameitambua kanuni hiyo, kwani ala hizo mbili ni za ukoo mmoja. Leo tumtazame mtu aliyeipa oboe heshima mpya katika okestra za Marekani.

Marcel Tabuteau alizaliwa mwaka 1887 mjini Compiègne, Ufaransa, akasomea Paris kwa bingwa Georges Gillet. Mwaka 1905, angali kijana, alivuka bahari kwenda New York kupuliza katika okestra ya Walter Damrosch. Baadaye aliingia Metropolitan Opera, enzi za kondakta Arturo Toscanini. Mwaka 1915 alikalia kiti cha kwanza cha oboe katika Okestra ya Philadelphia, na hakukiacha hadi 1954.

Kiti hicho ni kizito. Kabla ya onyesho, oboe hutoa sauti ya La na wapigaji wote hulinganisha ala zao nayo. Muziki ukiendelea, mara nyingi oboe huachiwa wimbo peke yake, na hapo kosa halina pa kujificha. Tena mpulizaji hulichonga tete lake mwenyewe, nalo huchoka upesi, hivyo maisha yake yote huenda na kisu mkononi.

Tangu mwaka 1924 Tabuteau alifundisha pia katika chuo cha muziki cha Curtis, mjini Philadelphia. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na hoja. Hakuridhika na mwanafunzi anayeiga tu, alitaka aelewe. Basi alizipa noti namba: moja, mbili, tatu, nne, zikipanda na kushuka kulingana na uzito wa kila noti katika mwendo wa wimbo. Kwa njia hiyo mwanafunzi alijua noti inatoka wapi na inaelekea wapi.

Matunda yalionekana. Harold Gomberg alishika kiti cha kwanza New York, nduguye Ralph akashika Boston, John Mack akashika Cleveland. John de Lancie alimrithi mwalimu wake palepale Philadelphia. Ni huyu de Lancie ambaye mwaka 1945, akiwa askari Ujerumani, alimuuliza mtunzi Richard Strauss kama aliwahi kufikiria kutunga konseto ya oboe. Mzee alijibu hapana, kisha mwaka huohuo akaitunga.

Tabuteau alifariki Nice mwaka 1966, lakini ufundi wake haukuzikwa naye, kwa sababu aliugeuza kuwa elimu inayofundishika. Wapuliza nzumari wetu wanao ujuzi mkubwa, na mwingi umo vifuani mwao tu. Tuwafuate wangali hai, tuwaulize, tuandike, na vijana wakae miguuni pao wajifunze.

Itaendelea juma lijalo.