SOKO LA WIKI: Feni za kompyuta, hesabu pini kabla ya kulipa

Wafanyabiashara wadogo wa Chake Chake wanaofikiria kuingia katika vipuri vya kompyuta wanaweza kuanza na feni, au panka kama wengi wetu tunavyoliita. Ni bidhaa nyepesi kusafirisha, haiozi, na vumbi na hewa ya chumvi huichakaza, hivyo wanunuzi hupatikana. Hata hivyo ina mtego wake, nao uko kwenye plagi.

Kazi ya feni ni kuondoa joto la prosesa. Ikisimama, kompyuta hupungua kasi, na joto likizidi hujizima yenyewe. Kwa mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, hiyo ni siku nzima bila mapato.

Feni huchomekwa kwenye madabodi kwa plagi ya pini 3 au 4. Katika ile ya pini 3, waya mmoja ni hasi, wa pili huleta umeme wa volti 12, na wa tatu huipelekea madabodi taarifa za mzunguko: mapigo 2 kwa kila mzunguko mmoja. Ile ya pini 4 ina waya wa ziada wa kupokea amri ya kuongeza au kupunguza kasi. Feni ya pini 3 huingia kwenye soketi ya pini 4 na itazunguka, ila mara nyingi kwa kasi yote, na kelele zake.

Ziko pia feni zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai, kwa waya wa njano wa volti 12 na mweusi. Hizi hazifai kwa prosesa: madabodi isipopata taarifa za mzunguko, kompyuta nyingi hutoa onyo la hitilafu kila zinapowashwa. Aidha, baadhi ya kompyuta za ofisini za Dell na HP zina plagi za muundo wao wenyewe, ambazo feni ya kawaida haziingii.

Tupige hesabu, kwa bei za mfano tu. Ukinunua feni 20 kwa shilingi 10,000 kila moja na kulipa shilingi 20,000 za usafiri hadi bandari ya Mkoani, mtaji ni shilingi 220,000. Ukiziuza zote kwa shilingi 15,000, faida ni shilingi 80,000. Lakini 6 zikikosa plagi inayofaa, utauza 14 kwa shilingi 210,000. Faida yote imekwenda, na umepata hasara ya shilingi 10,000. Kuzirudisha Unguja au Dar es Salaam ni gharama nyingine.

Kwa hiyo wanunuzi wanashauriwa kwanza kuandika aina za kompyuta zilizopo kwa wateja wao, idadi ya pini, na upana wa feni, iwe milimita 80, 92 au 120. Pia wasome ampia kwenye kibandiko: soketi ya kawaida ya madabodi hubeba ampia 1 tu, hivyo kuunganisha feni kadhaa kwenye soketi moja kunaweza kuiunguza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa feni, daftari hilo lianze na pini.